Siku Ulipolima Uwanja wa Ndege

Baba,

Shikamoo. Nimeandika hiyo halafu nikakaa kidogo, maana kukusalimia bila kusikia "marahaba, mwanangu" bado sijazoea. Nitazoea tu. Leo nina neno moja zito la kukuambia, ila unanijua, siwezi kuanza na zito. Nianze na ya nyumbani.

Mama mzima. Asubuhi miguu inamsumbua, ikifika saa nne anaisahau na kwenda zake shambani. Yule ng'ombe mwekundu uliyekuwa ukigombana naye kila siku amezaa ndama jike, na Mama amekataa katakata asiuzwe. Mahindi ya huku Bashay yamekubali, maharage ndiyo yameharibiwa na baridi. Kule Hanang, kwenye shamba la serikali, ngano imeota vizuri, ila kombaini mbili zimesimama nyuma ya karakana zinasubiri vipuri. Na vijana waliobaki kwenye matrekta, Baba, ungewaona ungelia. Mistari imepinda hadi aibu! Nikipita kwenda kazini zahanati namsikia msimamizi anawafokea, "Angekuwepo Mzee Gwandu!" Najifanya sijasikia, naongeza mwendo.

Haya. Sasa lile neno.

Siku ya tatu baada ya kukuzika, watu wameanza kurudi makwao, mimi na Mama tulikuwa jikoni tunachambua maharage ya waliobaki. Nikawa nalalamika tu, kama ninavyolalamika. Nikasema sijawahi kuelewa kwa nini Baba aliacha trekta akaenda kukaa mlangoni pa ghala na rungu, mtu aliyeipenda kazi yake vile. Labda mgongo ulimtesa kuliko alivyosema. Mama akaacha kuchambua. Akasema, "Mgongo gani? Baba yako aliacha kwa sababu ya ile siku ya ndege. Alirudi akaniambia, nimemlimia mwanangu kaburi kwa mkono wangu. Akanikataza nisikuambie."

Nilitoka nje nikasimama kwenye zizi. Nilikukasirikia, Baba, Mungu anisamehe, nilikukasirikia hata udongo wako haujakauka. Miaka kumi na zaidi umelibeba hilo, na mimi nipo hapo hapo, nakuletea chai mlangoni pa ghala, tunacheka, tunateta watu! Mbona hukuniuliza? Mimi ndiye niliyekuwa ndani ya ile ndege. Na kila nilipotaka kukusimulia ulinikata: "Paskalina, habari za ndege acha." Halafu unatafuta kofia unatoka. Leo huna pa kutokea, utanisikiliza.

Wewe ulikuwa chini, mimi nilikuwa juu. Nakupa ya juu.

Unakumbuka nilikwenda kama muuguzi na yule mama wa Getanuwas aliyeshindwa kujifungua, barabara imekatika kwa mvua, meneja wa shamba akatoa ndege ndogo ya mradi wa ngano tumwahishe hospitali. Akapasuliwa, akapata mtoto wa kiume, wakamwita Basili. Siku ya kurudi tulikuwa wanne na kichanga. Rubani, Mama Basili na mtoto wake, mimi, na fundi Damasi wa karakana, amepakata puli ya kombaini kama vile na yeye katoka kujifungua.

Tulipoikaribia Hanang rubani akavuta kile kishikio cha kushusha matairi. Kwenye ndege ile kulikuwa na taa tatu ndogo za kijani, kila tairi na taa yake. Zikawaka mbili. Akarudisha juu, akashusha tena. Mbili. Akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sista, hebu chungulia kushoto, unaona tairi?" Nikachungulia. Nikaona bawa, nikaona kivuli chetu kinakimbia juu ya ngano, tairi hakuna. Akachukua mpini wa akiba akapampu kwa mkono mpaka jasho likamtoka. Damasi akamwambia, "Kapteni, kombaini ikigoma hivi mimi huipiga teke." Rubani akajibu, "Toka nje basi ukaipige." Tulicheka, Baba. Huwezi kuamini, tulicheka.

Uwanja mkubwa wa kule kaskazini ulikuwa umefungwa na mawingu, na mafuta tulishayachoma tukihangaika. Rubani akasema tutatua kwa tumbo. Tairi mbili bila ya tatu ni mbaya kuliko kukosa zote, alisema, ndege itazunguka na kupinduka. Akayarudisha yote ndani. Akamwambia Petro, yule karani wa redio ya upepo pale shambani, awaondoe ng'ombe uwanjani, walete maji na mchanga, wakae mbali. Halafu akaanza kuzunguka ili mafuta yaliyobaki yapungue, tusije tukawaka moto.

Mimi nikawa na kazi, na kazi ndiyo iliyonishika. Nikawavua viatu na hereni, nami nikavua vyangu. Puli tukaifunga nyuma kwa mkanda wa suruali wa Damasi, akawa ameshikilia suruali kwa mkono mmoja na rozari kwa mwingine. Mtoto nikamfunga kifuani kwa mama yake kwa khanga mbili. Mama Basili hakulia. Aliniuliza tu, "Sista, nikifa mtoto utamchukua?" Nikamwambia sichukui mtoto wa mtu mimi, utamlea mwenyewe. Nilisema kwa ukali, kumbe ni woga.

Hapo ndipo nilipomsikia rubani anapiga kelele. Mara moja tu, siku nzima. "Wanalima! Jamani, wanalima uwanja!"

Nikatazama chini. Mwanzo wa uwanja, pale pale tulipotakiwa kugusa, ulikuwa umegeuka mweusi. Trekta lenye haro, lile la kutifulia udongo, linakwenda na kurudi.

Baadaye Petro alinieleza ya chini. Alisema ulipopata habari kwamba ndege inatua kwa tumbo na mimi nimo ndani, ulimwambia meneja, nipe trekta, nimlainishie, asiumie. Na meneja akakubali! Msimamizi akakubali! Madereva wote mlikubaliana, hata mmoja hakuuliza. Baba, nani angeuliza? Ninyi ni watu wa ngano. Maisha yenu yote kitu kikitaka kuanguka salama, hata punje, mnakilainishia udongo. Mtu wa ndege ndiye anayejua kwamba tumbo la ndege linataka ardhi ngumu iteleze, likikuta udongo uliotifuliwa pua inachimba na ndege inajigeuza. Ninyi mngejulia wapi? Ungekuwa wewe juu na mimi chini, na mimi ningekulimia.

Rubani akamwambia Petro simamisha hilo trekta. Petro akakimbia na baiskeli kuwaambia ndege inataka ardhi ngumu. Nikaliona trekta limesimama. Nikaona mtu ameshuka, ameshika kichwa kwa mikono yote miwili. Sikujua kuwa ni wewe. Rubani akawa anasema peke yake, upande uliobaki mfupi, mbele kuna korongo, hatutoshi. Akagonga kioo cha mafuta kwa kidole. Dakika ishirini, akasema, labda na tano.

Hapo, Baba, niliogopa. Mbele ya wagonjwa sijawahi kuogopa vile.

Halafu yule mtu akapanda tena. Trekta likaenda pembeni, haro likaachwa, likarudi linavuta rola, lile la kushindilia mbegu. Likaingia kwenye ule weusi. Likaenda moja kwa moja mpaka mwisho, likageuka, likarudi limegusana na mstari wa kwanza, hakuna nafasi hata ya mkono. Likageuka tena. Dereva amesimama, mkono mmoja kwenye usukani, shingo kaigeuza nyuma anaangalia kazi yake. Watu wengine wanakimbia huku na huku na ndoo, wanagongana, na yeye anapiga mistari imenyooka kama ya daftari. Nani mwingine katika Hanang yote, wakati kama ule, angenyoosha mistari?

Nikasema kwa sauti, "Yule ni baba yangu."

Rubani akageuka. "Una uhakika?"

"Ni baba yangu."

Akakaa vizuri kwenye kiti. "Basi tumsubiri amalize."

Hilo ndilo nililotaka kukwambia miaka yote hii. Tulikusubiri. Tulizunguka juu yako mara nne, tano, na kila mzunguko ule weusi ulikuwa unapungua, na woga wangu unapungua nao. Sijui kama wengine walitulia, mimi nilitulia. Nikakaa, nikafunga mkanda, nikainamisha kichwa magotini kama tulivyoagizwa, na nikawa nawaza mambo ya kijinga kabisa, kwamba utakuwa na njaa, kwamba hukula mchana.

Tulipogusa, mlio ulikuwa wa mabati yanayoburutwa kwenye mawe. Mrefu! Vumbi likaingia kila mahali, kitu kikanigonga bega, mtoto akalia, na sijawahi kusikia kilio kitamu kama kile. Tukateleza juu ya udongo wako ulioushindilia, tukaupita, tukateleza tena kwenye nyasi, tukasimama. Rubani akafungua mlango akasema tokeni, kimbieni. Nikakimbia nimemshika Mama Basili mkono, na Damasi nyuma yetu suruali iko magotini.

Wewe ulikuja unatembea. Hukukimbia. Ulinitazama miguuni ukasema, "Viatu vyako viko wapi?" Ukageuka ukaondoka. Nilidhani umenikasirikia, nikajiuliza nimekosa nini. Sasa najua ulikuwa huwezi kunitazama usoni.

Na lingine. Jioni ile rubani alikutafuta kila mahali akupe mkono. Ulijificha karakana, Petro ameniambia. Basi mimi nakupa maneno yake, maana aliniachia: "Mwambie mzee nimeruka na ndege miaka mingi, sijawahi kutengenezewa uwanja nikiwa hewani." Nilipaswa kukufikishia siku ile ile. Ulitoka nje, nami nikakuacha utoke. Hapo kosa ni langu, Baba. Nisamehe.

Basili yuko darasa la tano. Anapenda hesabu, hapendi kuchunga. Mama yake alikuja kwenye msiba akalia kuliko sisi uliotuzaa, watu wakawa wanaulizana huyu ni ndugu wa upande gani. Mimi nina watoto wawili uliowabeba mgongoni. Nakuhesabia hao kwa sababu nataka ujue trekta lako lilizaa nini saa ile moja.

Asante, Baba. Asante kwa rola. Na hata kwa haro asante, nalisema bila utani, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kukimbia vile kunilainishia pa kuangukia. Ulikosea kwa kunipenda, ukarekebisha kwa kunipenda, na vyote viwili ulivifanya kabla sijashuka.

Jumapili tunafanya ibada yako hapa nyumbani. Madereva wa shamba wanakuja wote, na Basili na mama yake, na mimi nimeomba nafasi ya kusema. Nakuahidi nitaisimulia yote. Haro sitalificha. Nikilificha watabaki wakiamini uliacha trekta kwa mgongo, na mimi nataka wajue uliliacha kwa uchungu ambao hukustahili hata siku moja. Nitawaambia ulishika kichwa, halafu ukapanda tena. Na Mama atakuwa amekaa mbele, asikie kwamba sasa ni ruhusa kusema.

Lala salama, Baba. Uchungu ule uache hapo chini, usiende nao kokote.

Mimi mwanao niliye hai,
Paskalina