Usingizi wa Chausiku

Jumanne, 10 Juni
Nimeanika mahindi asubuhi, mchana nimeyageuza. Chausiku kalala juu ya turubai kama mwenye shamba. Tangu aje, panya hawasogelei ghala langu. Kusema kweli paka ni wa mwanangu Zaina. Aliniachia alipokwenda chuo Morogoro, akaniambia nimtunze. Nimemtunza. Anang'aa kuliko watoto wa watu.
Sikukuu ya Idi Zaina hakuja. Pilau yake niliifunika mpaka ikachacha.
Leo kapiga simu. Yuko Korogwe wiki nzima na mwalimu wake, wanafundisha madaktari wa mifugo. Korogwe, hapo hapo. Ila kuchomoka aje Kabuku hawezi. Kaulizia paka kwanza.

Jumatano, 11 Juni
Mama Rama jirani kauliza mwanangu anasomea nini hasa. Nimemweleza, maana nimeshika kila kitu. Paka akipasuliwa anavutishwa gesi ya usingizi. Gesi ikizidi, presha inashuka, moyo unachoka. Basi Zaina anamwekea na dawa ya maumivu mshipani, kali, jamaa ya mofini, inaingia kidogo kidogo, ili gesi ipunguzwe. Kwa mbwa inapungua sana. Kwa paka kidogo tu, ndiyo maana wanatafuta kipimo. Mwanangu huyo.
Mama Rama kasema, "Ng'ombe wanakufa porini, wako anambembeleza paka alale."
Nimemwambia wa kwake hata kuku hajawahi kumlaza. Tumecheka. Lakini limenichoma.

Alhamisi, 12 Juni
Pikipiki. Chausiku kagongwa jioni akivuka barabara kuu. Mguu wa nyuma umesagika, unaning'inia. Nimelia kama nimefiwa. Mama Rama kaleta kitambaa, tumeufunga.
Nimempigia Zaina. Kasema nimlete kesho mapema, mguu utakatwa. Asile kitu. "Hata maziwa, mama."
Nina huzuni na nina furaha. Mungu anisamehe. Kesho nitamwona.

Ijumaa, 13 Juni
Korogwe. Naandika nikiwa chumba cha wageni, Zaina bado yuko na wagonjwa wake.
Nimeharibu. Asubuhi paka alinitazama. Nani anasafiri na tumbo tupu? Kwangu hata mgeni wa kupita haondoki na njaa. Nikampa dagaa. Kamaliza wote, na maumivu yake yale.
Zaina kakonda. Amevaa koti jeupe na miwani ambayo hakuwahi kuniambia. Nilimwita daktari mbele ya watu wote, kwa sauti. Kanishika mikono, "Shikamoo mama," halafu kauliza kama paka kala. Sikuweza kumdanganya. Kafumba macho. Akilazwa kashiba anatapika usingizini, matapishi yanaingia mapafuni, basi tena. Leo hafanyiwi upasuaji. Kachomwa sindano ya maumivu, kawekwa kwenye kizimba. Nimeona aibu mbele ya mwalimu wake.
Inabidi nilale huku. Sikupanga, wallahi. Lakini sijutii.

Jumamosi, 14 Juni
Tumelala kitanda kimoja. Miguu yake bado ya baridi, bado anaichomeka kwangu. Kalala kabla sijamaliza hata habari moja.
Chausiku kafanyiwa. Niliruhusiwa kukaa mlangoni. Kachomwa sindano, akalegea, wakamtia mpira kooni, gesi ikapita humo. Kimashine kidogo kinasukuma dawa mshipani taratibu. Kisu kashika mwingine. Kazi ya Zaina ni usingizi.
Katikati presha ikashuka. Zaina kapunguza gesi, kaongeza dawa ya mshipani kidogo, kasubiri. Ikapanda.
Kuamka ndiko kulikonitisha. Macho yamekuwa meusi yote, mwili wa moto, anajipiga kwenye kizimba kama hatujui. Dawa hizi paka wengine zinawavuruga. Zaina kaifunga ile ya mshipani, kazima taa, kaweka mkono kifuani pake. "Niko hapa. Niko hapa." Mpaka katulia.
Maneno hayo ni yangu. Nilimwambia hivyo alipougua degedege, mdogo kabisa. Sikujua kama aliyasikia.
Nimemwonea wivu paka. Ndiyo hivyo.

Jumatatu, 16 Juni
Kabuku. Jana Zaina katusindikiza mpaka stendi, akarudi mbio. Nilitaka anikumbatie tena. Basi likaondoka.
Mama Rama kaja kumwona mgonjwa. Nimemweleza gesi, presha, yote. Safari hii hakucheka. Kauliza kama Zaina anaweza kumwangalia mbuzi wake. Nimesema nitamuuliza daktari kama ana nafasi.

Jumatano, 18 Juni
Zaina na mwalimu wake wamerudi Morogoro.
Nimeanika mahindi. Chausiku kaenda mwenyewe hadi kwenye turubai, miguu mitatu, akaanguka, akainuka. Panya kapita. Kamtazama tu.
Zaina kapiga magharibi. Nikaanza kumpa ripoti: jeraha kavu, dagaa kala, maji kanywa. Kanikatiza.
"Na wewe, mama, umekula?"
Nikasema nimekula. Nilikuwa bado.
Nimewasha jiko.