Sauti Katika Korongo Jekundu

Odette, mujukuu wangu na muke wangu mudogo,

Hapa Brussels tuko wazima, baridi tu ndiyo inatufinya. Nkambo yako mwanamuke, ule muke wangu mukubwa, anakuonea wivu, lakini anakaa kando ya simu tangu barua yako ifike. Unauliza kama naogopa uende kwenye ile parc ya jangwa la Amerika, katika makorongo ya mawe mekundu. Bon, naogopa mpaka ugali unanikwama.

Nikiwa kijana kule Katanga, nilipotea katika korongo jekundu kama hilo. Yaya Ilunga, kaka yangu mukubwa, akaniita, mawe yakarudisha jina langu kila upande. Kwetu tulifundishwa: porini usiitike kama haumuoni anayeita, labda ni mufu. Donc nikajificha mpaka sauti yake ikakauka. Mwishowe akakasirika: "We mukojozi wa kitanda, utafia humo!"

Nikaitika mbio. Mufu gani angejua habari za kitanda changu?

Nenda, lakini na muntu anayekujua mpaka aibu zako. Ukitoka mule, piga simu, unitukane kidogo, nijue ni wewe, na uko muzima.

Bwana yako muzee