Makopo Mabili ya Masasi

Siku ya Tatu, 6 Juni 1956. Baraka

Isidore amerudi na pongo, dume, pembe kali kama visu. Lisasi moja tu! Bantu ba mutaa wote bamekuja kuangalia bwana yangu na bunduki yake. Mugiriki wa duka alimuachia mbele ya kurudi kwao, na permis, barua ya ruhusa, iko bureau ya Fizi. Unavuta kile chuma cha chini, ganda tupu linaruka, lisasi ingine linaingia. Banasema: Isidore hakosi.

Hakuna muntu anauliza nani alijaza lile lisasi. Ni mi! Duka haziuzi tena masasi ya bunduki ile. Mi njo nayeyusha plombi, vile vyuma vizito vya nyavu za bavuvi, mi njo napima baruti na kijiko, mi njo natia amorsi, kile kifuniko kidogo cha kuwasha baruti, polepole, isilipuke. Bila mikono yangu ile bunduki ni fimbo tu.

Alikata paja la nyuma. Nikaleta sahani.

— Hii ya Émilienne, akasema. Batoto bakule.

Émilienne, mujane wa mudogo wake. Sawa, batoto bakule. Lakini paja lote?

Siku ya Tano, 8 Juni

Nimepita kwa Émilienne. Anapika, anaimba. Mwaka haujaisha tangu mazishi, na anaimba! Na ngozi yake ile, laini. Na batoto babili. Mi, miaka yote hii ya ndoa — hata mumoja.

Siku ya Kwanza, 11 Juni

Natoka sokoni, namukuta Émilienne anakaa kwenye meza yangu! Kijiko changu mukononi mwake. Isidore nyuma yake, amemushika kiwiko, anamufundisha: usijaze sana, sawazisha na kidole. Nikasimama mulangoni na ndagala zangu.

— Yaya, ona, nimejaza sita! Anacheka. Ananiita yaya, kama dada yake mukubwa.

Isidore akasema ni kwa kunisaidia, nisichoke.

Nani alimuambia mi nachoka? Apewe nyama, sawa. Apewe pagne ya kuvaa, sawa. Hata kama siku moja jamaa itasema amuchukue awe bibi yake, kama desturi, ningenyamaza. Pengine. Lakini meza ile!

Masasi yake ameweka ndani ya kopo la kakao, yangu iko ndani ya kopo la maziwa. Jioni nikakaa, nikajaza mingi, mbio mbio, kwa kumupita. Nilikuwa nalia. Sikuona vizuri.

Siku ya Tatu, 13 Juni

Isidore na rafiki yake Placide bamepanda mulima, njia ya Fizi. Alitia mufukoni masasi ya makopo yote mabili, changa-changa. Nikauliza sababu gani hatenganishi.

— Yote ni ya nyumba yangu, akajibu.

Nyumba yake! Yule mwanamuke iko wa nyumba yetu tangu lini?

Siku ya Ine, 14 Juni

Mungu wangu. Bamemuleta kwa machela ya miti, damu mupaka kwenye viatu.

Placide anaeleza. Isidore alipiga pongo, likaanguka, likasimama tena, likamurukia. Akavuta chuma, akafyatua — pfu! Kama muntu anatema mate. Hakukuwa baruti ndani. Amorsi peke yake ilisukuma lisasi, likakwama katikati ya mututu. Pembe ikaingia kwenye paja. Placide alimaliza yule nyama na mukuki.

Infirmier wa hospitali ameshona kidonda. Anasema ataishi, kuhusu muguu, hajui.

Mama mukwe aliuliza neno moja tu: nani alijaza?

Sikufikiri hata kidogo. Kinywa changu kilisema: Émilienne.

Siku ya Posho, 16 Juni

Jamaa imekutana. Émilienne arudi kwao Lusenda. Batoto babaki, ni ba huku. Mi njo nitabalea.

Hakupiga kelele. Alisema tu: Mi nilitia baruti mu yote, nilisawazisha na kidole, vile shemeji alinionyesha. Isidore aligeuka, akaangalia ukuta. Hakumutetea!

Nilifurahi. Naandika kweli: nilifurahi. Usiku huu nitalala vizuri.

Siku ya Mungu, 17 Juni

Asubuhi, mbele ya misa. Nilitaka kupanga meza yangu, sasa ni yangu tena. Nikatoa masasi yaliyobaki ndani ya makopo. Ya kopo la kakao — natikisa karibu na sikio, baruti inacheza ndani, sha-sha. Yote. Ya kopo la maziwa: sha-sha. Sha-sha. Moja — kimya.

Natikisa tena. Kimya.

Nikang'oa kichwa cha lisasi na koleo. Ganda safi ndani, halina hata punje ya baruti.

Kama niliacha moja, niliweza kuacha na ingine.

Émilienne iko inje sasa, furushi kichwani. Batoto banashika pagne yake, mama mukwe anabavuta. Nasikia sauti yake:

— Yaya Suzanne, toka nikuage. Kama mikono yangu njo ilimuumiza, unisamehe.

Isidore, kule kitandani: — Suzanne! Hausikie banakuita?

Nasikia. Ganda iko mukononi mwa kushoto, kalamu kwa kuume. Mutoto mudogo wa Émilienne ametoroka, amekimbilia humu ndani, ameshika pagne yangu na ngumi mbili. Hatazami uso wangu, anatazama mulango.

Banagonga mulango.