Masufuria Matatu ya Wali, Mchuzi Hakuna

Jumatano jioni, Marodoka. Mvua ilikatika tangu asubuhi, na hata sasa joto linapanda kutoka ardhini mpaka nguo zinanigandia mgongoni. Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Nimeukunja mtandio wangu na kuukunjua bila sababu yoyote. Sina raha.

Naandika Kiswahili alichonifundisha babu kwa sababu humu ndani hakuna anayekisoma. Nyumbani tunasema Kikomoro na Kimalagasi, ofisini Kifaransa. Hiki ni changu peke yangu, na humu naweza kupiga kelele nipendavyo.

Jana nimeaibika, shajara. Nimeaibika mbele za watu.

Nilitoka Mahajanga kuja huku Nosy Be kujifunza kazi ambayo hata jina lake sikulijua. Tangu bendera yetu ipandishwe, wakubwa wanasema wageni watakuja na meli kutembea, na safari hii tuwapokee sisi wenyewe, tusiishie kuwabebea mizigo. Mwalimu wangu ni Bwana Razafy, mtu wa bara, mpole, mwenye miwani inayomteleza puani kutwa. Anatufundisha kuipanga shughuli kabla haijaanza: nini kinatangulia, nini kinangoja nini, kipi kinaweza kuharibika na tutafanyaje kikiharibika. Na kila siku analirudia moja, mpaka nikalichoka: kila kazi iwe na mwenyewe mmoja, anayejua kuwa ni yeye.

Nikawa naitikia kwa kichwa. Rahisi mno, nikajiambia. Mimi nimekulia kwenye harusi za Kikomoro Mahajanga, nimemwona mama akilisha mtaa mzima wa Mahabibo, nitashindwa na abiria wa meli moja?

Jumamosi hii meli inatia nanga bandarini Hell-Ville. Abiria watapelekwa kwenye mashamba ya milangilangi waone maua yanavyochemshwa kutolewa mafuta, kisha waje hapa Marodoka kula chakula chetu, kisha ufukweni. Siku hiyo nimepewa mimi. Ikienda vizuri, Bwana Razafy atanirudisha Mahajanga nikafungue ofisi ya safari, niwe napeleka wageni ufukweni Antsanitia, na meza iwe yangu. Ikiharibika, atamchukua kijana mmoja kutoka mji mkuu. Na baba ameshasema: ukishindwa, urudi dukani ukae nami, na yule mwenye posa bado anangoja.

Naitaka ile meza. Naitaka mpaka usingizi hauji.

Jana basi tulifanya jaribio. Tuliwaalika makarani na walimu wa Hell-Ville wajifanye wageni wa meli. Magari yalifika kwa wakati. Maua yalinukia. Nikatembea mbele yao kifua mbele, mtu angedhani kisiwa nimekijenga mimi. Tukaketi kwenye mikeka, tukanawa mikono, chakula kikaletwa.

Likaja sufuria kubwa la wali wa nazi kutoka kwa Mama mdogo Rukia. Likaja jingine la wali wa nazi kutoka kwa Bi Salima. Na la tatu, kutoka kwa Bi Echata, nalo wali wa nazi.

Mchuzi hakuna. Samaki hakuna. Hata achari hakuna.

Lo! Walimu walitazamana. Karani mmoja akauliza kwa adabu kama mchuzi uko njiani. Nikasema ndiyo, uko njiani. Mke wa daktari alikula wali mkavu akausifia ulaini wake, na sifa zake ndizo zilizonichoma zaidi. Bwana Razafy aliipandisha tu miwani yake.

Nani wa kulaumiwa? Mimi. Huku kwetu anayepika wali ndiye mwenye heshima ya karamu. Wa mchuzi, wa samaki, wa achari, wote wako chini yake, wanangoja amri yake. Kwa hiyo lazima atajwe mmoja, na wengine wawili waambiwe usoni kuwa si wao. Mimi nikaogopa. Wote watatu ni watu wazima kuliko mama yangu. Nilikwenda kwa Bi Salima nikamwambia, "Bi Salima, shughuli hii tunakutegemea wewe," na kwetu kuambiwa hivyo ndiko kupewa wali. Nikaenda kwa Bi Echata nikamwambia hivyo hivyo, nikambusu na mkono. Na Mama mdogo Rukia, binamu ya mama, ambaye nalala kwake na kula kwake, huyo nilimwambia wa kwanza kabisa. Nikatoka nimeridhika. Nikajiona mwanamke mwenye akili sana mimi, nimewafurahisha wote na hakuna aliyenuna!

Nimewapaka mafuta kwa mgongo wa chupa, basi.

Leo asubuhi Bwana Razafy aliniita. Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Aliniambia, "Kesho mchana niletee jina moja. Ukishindwa kumwambia shangazi yako hapana, Mahajanga utawaambiaje wenye magari na wenye hoteli?" Sikumsahihisha kuwa ni mama mdogo.

Jina ninalijua. Ni Bi Salima. Si kwamba wali wake ni mtamu zaidi, kwa kweli, ule wa Mama mdogo unaupita. Lakini uwanja wa Bi Salima uko pale magari yanapoegeshwa, kisima kiko mlangoni, kuni zake ziko chini ya bati hata mvua inyeshe. Jikoni kwa Mama mdogo ni juu kabisa ya njia ya mawe, na jana vijana wawili walilibeba lile sufuria huku wanateleza na matope. Likimwagika Jumamosi, nimekwisha.

Kujua jina ni kitu kimoja. Kwenda kulisema ni kingine kabisa.

Nilifanyaje? Nilikimbia. Nilipanda gari la mizigo mpaka Dzamandzar, nikasema naenda kuhakikisha magari ya Jumamosi, na magari yalikwisha kuhakikishwa tangu juma lililopita. Msimamizi wa magari alinishangaa. Nikazunguka kwenye kiwanda cha sukari kule, harufu ya miwa iliyochemka imenijaa kichwani, nikijipangia maneno. Mama mdogo, unajua nakupenda. Hapana. Mama mdogo, si mimi, ni Bwana Razafy. Hapana, huo ni uoga tu. Nikayatupa yote nikarudi.

Nilimkuta amekaa kibarazani anapepeta mchele, msindano, ile liwa yetu, umepakwa usoni. Nikakaa chini, sikukaa kwenye kiti. Alasiri ilikuwa imeshaswaliwa. Nikasema kwa pumzi moja, kabla sijajionea huruma, "Mama mdogo, Jumamosi wali atapika Bi Salima."

Ungo ukasimama.

Nikangoja anitukane. Nikangoja aniambie nimekula chakula chake tangu nifike na hii ndiyo shukrani. Akaniuliza tu, "Kwa nini?" Nikamweleza kisima, kuni, njia ya mawe. Nilimaliza yote. Akatoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa.

Kisha akasema, "Unadhani jana hatukujua?"

Nikamwuliza hawakujua nini.

"Moshi wa Salima nauona kutoka hapa. Na Echata alipungukiwa na nazi, akamtuma mjukuu wake kwangu. Nazi za wali wake nilimpa mimi."

He! Yarabi! Nikamwuliza, "Sasa kwa nini hamkuambiana?"

"Tuambiane nini? Niseme mimi najitoa? Heshima umenipa wewe, niitupe mwenyewe jalalani? Wewe ndiye mwenye shughuli. Tulikaa kila mtu jikoni kwake, tukakungoja upite useme. Hukupita."

Hukupita. Neno hilo nalisikia mpaka sasa. Wakati wanangoja, mimi nilikuwa mbele ya makarani kwenye milangilangi, kifua mbele. Wanawake watatu wazima walikaa na moto wao, kila mmoja akijua kuna wali wa kuzidi, wakaniheshimu kiasi cha kuniacha niaibike. Nami nilidhani ni mimi ninayewaheshimu.

Nililia, sitaficha. Yeye hakulia. Aliingia jikoni akatoka na mwiko wake mkubwa, ule wa mninga, wa harusi, aliokuja nao kutoka Mahajanga alipoolewa. Hakuna mwingine wa ukubwa huo Marodoka, na sufuria la kulisha meli nzima halikorogeki bila huo. Sijawahi kuuona mikononi mwa mtu mwingine. Akauweka mapajani pangu.

"Mpelekee Salima. Mwambie umetoka kwangu. Kisha upite kwa Echata umwambie na yeye, samaki ni wake. Mchuzi nitapika mimi."

Nikasema nitakwenda sasa hivi, Magharibi ikiingia, nipitie njia ya nyuma.

"Usiende gizani kama mwizi," akasema. "Nenda asubuhi, watu wakiwa barazani."

Hakucheka aliposema hivyo. Wala hakuniita mwanangu, kama anavyoniita kila siku. Alirudi kwenye ungo wake, na mimi nikaja huku chumbani na mwiko mkononi. Ameumia. Najua ameumia, na najua ningesema mapema angeumia vivyo hivyo, ila wali mkavu usingeliwa na mtu.

Sasa mwiko umelala kitandani karibu yangu, mzito, ncha yake imeungua kidogo. Kutoka mlango huu mpaka kwa Bi Salima ni baraza tupu mkono wa kulia na wa kushoto, na kila baraza ina macho yake. Wote wataujua mwiko huu ni wa nani, na wataniona mimi ndiye niliyeutoa kwake.

Nitapita katikati ya njia.