Kikao Kuhusu Garov Kukataa Kuingia Chumba Namba Sita

CHAMA CHA MBWA WAFARIJI, STARA VRBA
Alhamisi, 14 Machi 2019, Ukumbi wa Wazima Moto

WALIOHUDHURIA
Bw. Krešimir Pavičić – Mwenyekiti, daktari wa mifugo mstaafu
Bi. Zdenka Tomljan – mwenye mbwa Garov
Bw. Vinko Jagar – mjumbe
Bi. Nevenka Galić – Katibu (mbwa wake, Lola, alishindwa mtihani wa mbwa wafariji wa Novemba kwa kubweka)

ASIYEHUDHURIA
Bw. Mirko Šestan – hakutoa udhuru. Tena.

KUMB. NA. 1/3/2019: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa 4:10 asubuhi, akaomba ugomvi wa mwezi uliopita ubaki huko huko. Bi. Zdenka alisema, "Tutaona."

KUMB. NA. 2/3/2019: BARUA YA NYUMBA YA WAZEE
Katibu alisoma barua. Ilieleza kwamba kwa wiki tatu Garov, anayewatembelea wazee kila Jumanne, ameingia vyumba vyote isipokuwa Namba Sita, cha Mzee Stjepan Ivšić, miaka 86. Anafika mlangoni, ananusa, anageuka. Wazee wamenong'ona kwamba mbwa ameona kifo, na Mzee Stjepan amesadiki. Amemwita padri, amemwonyesha binti yake suti ya kuzikiwa, na tangu Jumapili hali chakula.

KUMB. NA. 3/3/2019: MJADALA
Katibu alipendekeza Garov asimamishwe. Bi. Zdenka aliuliza kama Lola ndiye atakayeshika nafasi. Katibu alijibu kwamba hilo halimo kwenye ajenda. "Kwenye ajenda halimo, usoni mwako limo," alisema Bi. Zdenka.

Bw. Vinko alisema mbwa wa bibi yake alilia siku moja kabla ya msiba, na mambo mengine si ya kuchekea. Mwenyekiti alimjibu, "Vinko, Garov juzi kala sabuni nzima. Angekuwa anaona kifo, si angeanza na chake?"

Hata hivyo Mwenyekiti alikiri kwamba jambo hili lilimnyima usingizi. Katika miaka arobaini ya kazi hajaona mbwa akikataa mlango bure. "Kuna kitu ananusa. Twendeni na sisi tukanuse." Iliamuliwa kikao kihamie Namba Sita. Katibu alipinga, akashindwa kwa kura tatu kwa moja.

KUMB. NA. 4/3/2019: UCHUNGUZI
Garov alifika kizingitini akageuka. Mzee Stjepan alikuwa amelala akitazama ukuta, supu imepoa pembeni. Alisema, "Mmeona wenyewe. Msimlazimishe, masikini, ana adabu zake."

Mwenyekiti alipiga magoti, akanusa zulia, viatu, kisha blanketi. "Stjepan, umejifunga nini magotini?"

"Vitambaa tu. Baridi yabisi hii."

Vitambaa vilikuwa vimeloweshwa rakija, pombe kali ya matunda, yenye kafuri. Garov alipoonyeshwa kimoja alipiga chafya mara nne akajificha nyuma ya Bi. Zdenka. Mzee alisema anavifunga kwa wiki tatu sasa. Alipoulizwa nani kampa dawa hiyo, alikataa kumtaja mtu. Bw. Vinko alivuta droo akatoa chupa yenye kibandiko cha maelekezo. Mwandiko wake wajumbe wote waliutambua, kwa kuwa wamekuwa wakiusoma katika kumbukumbu hizi kwa miaka sita.

Mwenyekiti alimwuliza Katibu kama angependa kueleza. Katibu hakupenda, lakini alieleza. Lola aliposhindwa mtihani, Katibu alikosa sababu ya kuja hapa. Naye alitaka awe na kitu cha kumpelekea mtu. Akaja na chupa.

Bi. Zdenka alikwenda dirishani.

Dirisha lilifunguliwa. Mzee Stjepan alilalamika kwamba upepo wa kupita ndio unaoua watu. Katibu alimwosha miguu kwa maji ya moto na sabuni, maji ya kwanza na ya pili, bila kuinua uso. Garov alitazama kutoka mlangoni. Katika maji ya tatu aliingia, akanusa goti hili, akanusa lile, akalaza kichwa kitandani.

Mzee hakumgusa kwanza. Aliuliza, "Kwa hiyo sifi?"

"Utakufa, Stjepan, na mimi nitakufa," alisema Mwenyekiti. "Ila Garov hana habari hizo."

Mzee Stjepan alilia. Katibu pia alilia, maana alikuwa karibu kumzika mtu kwa wema wake. Mzee alimwambia, "Nyamaza, mwanangu. Magoti yalipata nafuu kweli." Kisha aliomba supu ipashwe moto.

KUMB. NA. 5/3/2019: MAAZIMIO
Garov aendelee na kazi. Hoja ilitolewa na Katibu.

Bi. Zdenka alitoa hoja kwamba Jumanne ijayo kamba ya Garov aishike Katibu, kwani yeye Bi. Zdenka mkono unamuuma. Wajumbe hawakuwahi kusikia habari za mkono huo. Hoja ilipita, Mzee Stjepan naye akinyoosha mkono ingawa si mwanachama. Kura yake ilihesabiwa.

KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa 6:40 mchana, Mzee Stjepan akiwa kwenye bakuli la pili.

K. Pavičić, Mwenyekiti ……………
N. Galić, Katibu ……………