Barua za Bure kwa Fidèle

Jumatatu, 6 Septemba 1999
Mashati kumi na moja yamekwisha, vifungo bado. Cherehani ya pili inakata uzi tena. Mchana nikaenda kwa Fidèle kumwandikia mdogo wangu Mwajuma, anayefanya kazi ofisini Kampala. Foleni mpaka nje. Ni bure, nani atakaa nyumbani?

Ana kompyuta moja na anwani moja ya barua pepe ya mji mzima. Unasimama, unasema, yeye anachapa. Kwanza anauliza yake: kazi gani, umepanga au una nyumba, nani anakutumia pesa. Nikajibu kama wote. Kisha nikamwambia Mwajuma mambo yanakwenda, wateja wanaovuka mpaka kutoka Goma wameongezeka, kodi ya duka ni franga elfu kumi na tano, na hata ikipanda mpaka ishirini na mbili nitakaza mkanda. Sihami. Jina nimelijenga hapa.

Nyuma yangu mwanamke akasema, "Eh, Mama Zuhura iko na franga!" Wakacheka. Nikacheka nao.

Alhamisi, 9 Septemba
Kazi nyingi. Fundi wa cherehani hakuja.

Jumatatu, 13 Septemba
Kalisa mwenye nyumba amepita. Hakukaa. Kuanzia mwezi wa kumi kodi ni elfu ishirini na mbili.

Si ishirini. Si ishirini na tano. Mtu anayebahatisha husema namba rahisi. Huyu hakubahatisha.

Nilikuja mji huu kutoka Karagwe na cherehani moja na mtoto mgongoni. Leo ziko nne. Hakuna aliyenipa hata sindano. Sasa mtu anajua mpaka tundu la mwisho la mkanda wangu. Nina hasira.

Jumanne, 14 Septemba
Nimemfuata Fidèle kabla hajafungua. Hakukana. Hata aibu hakuona.

"Bon, Mama. Ile simu ya kompyuta kupiga Kigali kila siku ili barua ziende, unafikiri nani analipa? Kalisa analipa. Na wakubwa wengine wawili. Wanauliza, mi nawaambia. Wewe nimekuomba hata franga moja?"

Hakuniomba. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Nimefikiri siku nzima juu ya phonie, ile redio ya kupigia kelele watu wa Bukavu na Kisangani. Tumeizoea miaka. Chumba kizima kinasikia ndoa yako, ugonjwa wako, ng'ombe wako aliyekufa. Zamu ikigeuka, wewe unasikia vya wenzako. Hakuna aliyeona haya, maana neno likishasemwa limekwenda. Tukaingia kwa Fidèle na mazoea yaleyale, tukipaza sauti vilevile. Hatukuuliza maneno yanalala wapi jioni, na nani anakuja kuyachukua asubuhi.

Ijumaa, 17 Septemba
Nimerudi kwenye foleni. Nikasema kwa sauti ya sokoni: Mwajuma, nimepata pahali Petite Barrière, pale mpakani, vyumba viwili, bei nafuu, nahama mwisho wa mwezi.

Uongo mtupu. Fidèle aliandika bila kuinua macho. Nilitoka nikitembea kwa maringo.

Jumanne, 21 Septemba
Kalisa leo amekaa. Amekunywa chai, vikombe viwili. Ameuliza habari za binti yangu Zuhura, ambaye siku zote yeye humpita kama kigingi. "Mama, sisi tumekuwa kama ndugu, tutakimbizana kwa nini?" Elfu kumi na tatu.

Nikapima kitambaa cha mteja mara mbili, polepole. Kisha nikakubali.

Kutoka ishirini na mbili, tofauti elfu tisa. Kwa mwaka laki moja na elfu nane. Hiyo ni cherehani ya tano na chenji. Nimekula nyama leo.

Ijumaa, 24 Septemba
Jibu la Mwajuma limefika. Fidèle anasoma majibu kwa sauti, ndivyo tulivyomzoeza wenyewe. Akasoma:

"Dada, Mungu amesikia. Kama una vyumba viwili nakuja na watoto. Abdu ameoa mwingine, ametutoa. Tunalala kwa jirani. Usimwambie mtu, zaidi mama yake."

Nilisema acha. Nilisema mara mbili. Alikuwa ameshafika mwisho.

Abdu ni mume wa Mwajuma, na mama yake anauza sambaza, vile visamaki vya ziwani, soko hili hili. Kwenye foleni mtu akasema, "Yoo, masikini." Mwingine akaacha zamu yake, akatoka mbio. Mtu haachi zamu ya bure hivi hivi.

Mwajuma hakuandika kwa Fidèle. Aliniandikia mimi.

Jumamosi, 25 Septemba
Mama yake Abdu amekuja na beseni lake kichwani, hakulishusha.

"We, Mama Zuhura! Mutoto wangu munamuanika kwa mashini kama sambaza, aone kila mutu?"

Nikasema aliyetupa watoto nje ni yeye Abdu. Akasema huyo atapigana naye baadaye, leo ni mimi. Wateja wawili wakaondoka. Alipokwenda, nikakaa. Kwa Abdu hana haki. Kwangu anayo. Kalisa alinunua maneno yangu, sawa. Ya Mwajuma niliyatoa mimi, kwa elfu tisa kwa mwezi. Nikipiga hesabu hii, haifungi upande wowote.

Jumatatu, 27 Septemba
Asubuhi nimepitia foleni ya Fidèle. Imeniita kwa jina. Sikusimama.

Nimekwenda kwenye simu ya kulipia, yenye kibanda na mlango. Nimelipa kwanza. Watu wa duka la chini ya ofisi ya Mwajuma Kampala walimwita, nikasubiri, mita ikitembea.

Nikamwambia yote. Vyumba viwili hakuna. Kuna kimoja nyuma ya duka, nitaweka pazia katikati. Kodi ni kumi na tatu, tutaiweza. Mama mkwe anajua, na kosa ni langu. Njoo.

Akaanza kulia.

Sikumharakisha.