Ushindi Asioutaka Baba

Shoga, kaka ametuaibisha leo, mpaka sasa siamini!

Ile chesi yake ya kwenye simu, ya kusubiriana siku kadhaa kila hatua? Amefungua michezo arobaini kwa mpigo na watu asiowajua hata sura. Mmoja tu ni wa Baba, aliyemfundisha kucheza.

Mshika mawili moja humponyoka, sembuse arobaini! Akausahau wa Baba. Muda wa zamu yake ukaisha, Baba akapewa ushindi.

Mezani kaka akachekacheka: “Hongera mzee, umenipiga!”

Baba akaweka kijiko chini. “Sikukupiga. Nilikuwa nakusubiri.”

Nakusubiri, shoga! Mbele ya wote!

Kaka akanywea. “Tuanze upya, Baba. Hao wengine nawaacha.”

“Cheza na wageni wako, mwanangu. Mimi chesi nimeshaifuta kwenye simu.”

Simu mkononi mwa kaka inamlilia: zamu yako, zamu yako.